Kitufe cha A hakijui kwamba ni A

Wasee wengi wanaamini ukibonyeza A kwenye kibodi, kompyuta inapata A. Zii. Kompyuta inapata namba ya mahali kitufe kilipo. Linux, kwa mfano, inakiita kitufe hicho 30. Bandika stika ya Kiarabu juu yake, kitumie hadi maandishi yafutike kama kibodi za saiba, bado ni 30. A yenyewe inaletwa baadaye na programu, na kuna watu walikaa chini wakaamua italetwa vipi. Nataka kuongea kuhusu hao watu, kwa sababu waliamua pia ni nani atakuwa amekaa mbele ya hiyo kibodi, na mara nyingi waliyemfikiria hakuwa mimi wala wewe.

Kama hujawahi kuandika kodi (ya kompyuta, si ile ya nyumba), mambo ni hivi. Ukitaka kutengeneza programu yenye madirisha na menyu, huanzi sufuri. Unachukua laibrari, yaani kodi ambayo watu wengine wameshaandika, ikuchoree dirisha na ikuambie mtumiaji amefanya nini. Amesogeza mausi. Amebonyeza kitufe. Sasa hiyo laibrari lazima ikuambie kitufe GANI, na hapo ndipo shida inaanza. Ikuambie mahali kitufe kilipo? Ikuambie jina lake? Ama ikuambie herufi ambayo mtu alitaka itokee? Hayo ni majibu matatu tofauti, na karibu kila fujo nitakayokuonyesha ilitoka kwa mtu aliyedhani ni jibu moja.

Kuna wakati lilikuwa jibu moja kweli. Taipureta ya Remington ya 1874 ilikuwa na herufi kubwa pekee. Kitufe kimoja, mkono mmoja wa chuma, herufi moja. Mwaka 1878 ikaja Remington No. 2, kila mkono ukawekewa herufi mbili, na ukibonyeza Shift sehemu inayobeba karatasi ilisogea ili herufi ya pili ndiyo igonge. Jina Shift lilitoka hapo, kitu kilisogea kwa macho yako. Tangu siku hiyo kitufe na herufi si kitu kimoja, lakini kompyuta zilichukua karibu miaka 100 kukubali.

Mwaka 1963 Wamarekani walitoa ASCII, orodha ya namba 128 za kutumiana maandishi kati ya mashine za kuchapa zilizounganishwa kwa waya. A ni 65. Herufi ndogo zilipata namba zao katika toleo la 1967, na a ikawa 97, tofauti ya 32 kamili, ili Shift iwe ni kugeuza biti moja tu. Hiyo ni akili, lazima niseme. Ctrl nayo ilikuwa ujanja wa aina hiyo hiyo: inatoa 64 kwenye namba ya herufi. M ni 77, toa 64 unabaki na 13, ambayo ni amri ya kurudi mwanzo wa mstari, yaani Enter ya siku hizo. Ctrl na I inakupa 9, ambayo ni Tab. Ctrl na [ inakupa 27, Escape. Fungua terminal ya kawaida leo ujaribu Ctrl+M. Itafanya kazi kama Enter, na programu iliyo ndani haina njia ya kujua ulibonyeza nini haswa.

Ninayoipenda zaidi ni 127, Delete. Siku hizo maandishi yalihifadhiwa kwenye utepe wa karatasi unaotobolewa matundu. Huwezi kuziba tundu. Lakini unaweza kutoboa yote saba, na mashine ikikuta matundu saba inajua hapo pamefutwa, inaruka. 127 ni matundu yote saba. Kufuta kulikuwa ni kutoboa zaidi.

Shida ya ASCII ni kwamba inajua herufi tu. Haina namba ya mshale wa kushoto. Haina namba ya Shift ikiwa peke yake. Na haijui kabisa kitu kinachoitwa kuachilia kitufe. Fikiria mchezo wa magari: ukishika mshale gari linaenda, ukiachilia linasimama. Kwa ASCII hilo gari litaenda tu milele, kwa sababu hakuna herufi ya kuachilia.

IBM PC ya 1981 ilimaliza hilo kwa njia ya moja kwa moja sana. Kibodi yake ilikuwa na vitufe 83, na kila kimoja kilipewa namba kwa kufuata mahali kilipo. Esc ni 1, halafu unatembea mstari kwa mstari: Q ni 16, A ni 30, Z ni 44. Ukibonyeza A kibodi inatuma 30, ukiachilia inatuma 30 jumlisha 128. Ile 30 ya Linux niliyoanza nayo ilitoka hapa, kwa sababu Linux ilizaliwa 1991 kwenye mashine za ukoo huu. Angalia kile IBM walifanya: kibodi haina maoni kuhusu herufi, inasema tu mahali. Herufi ni kazi ya programu. Fiti. Lakini programu gani, na kwa orodha ya nani?

Jibu bora, kwa maoni yangu, lilikuja kutoka MIT, na lilikuja kwa sababu ya shida, si kwa sababu ya upendo. Mwaka 1984 Bob Scheifler na Jim Gettys walianza kujenga X, mfumo wa madirisha kwa mashine za Unix. Pale chuoni kulikuwa na Project Athena, mradi uliolipiwa na kampuni mbili, DEC na IBM, na kila kampuni ilikuwa na mashine zake na kibodi zake. Kibodi za DEC zilikuwa na vitufe kama Find, Select na Help ambavyo IBM hawakuwa navyo. Tena, X iliruhusu programu iendeshwe kwenye mashine moja na dirisha lionekane kwenye mashine nyingine mahali kwingine. Kwa hivyo mtu anayeandika programu hakuwa na njia yoyote ya kujua kibodi ya mtumiaji inafanana vipi. Hangeweza kudhani. Alilazimika kuuliza.

X11, toleo la 1987 ambalo bado linatumika, liligawanya swali mara mbili. Kwanza kuna keycode, namba kati ya 8 na 255 inayosema tu kitufe gani cha hii kibodi hapa. Haina maana nyingine. Pili kuna keysym, namba yenye jina ambayo ni ile ile dunia nzima: XK_a, XK_Return, XK_Left, XK_Shift_L. Katikati kuna jedwali linalosema, kwenye kibodi hii, keycode fulani bila Shift inatoa keysym fulani, na ikiwa na Shift inatoa nyingine. Ukitaka kibodi ya Kifaransa, hubadilishi programu wala hubadilishi chuma. Unabadilisha jedwali.

Wale walioandika hiyo orodha ya keysym walikuwa wastaarabu pia. XK_a ni 97, ile ile ya ASCII. XK_Return ni 0xff0d, na ukiangalia mwisho wake, 0d, hiyo ni 13. XK_Escape ni 0xff1b, na 1b ni 27. Mashine za waya bado zimelala ndani ya hizo namba. Na kwa vitufe visaidizi waliacha nafasi tano zilizoitwa Mod1 hadi Mod5, bila kusema ni za nini. Kwa nini? Kwa sababu kibodi zilikuwa na vituko. Pale pale MIT kulikuwa na ile iliyobandikwa jina space-cadet, iliyotengenezwa na Tom Knight, yenye Meta, Super na Hyper pamoja na Ctrl. Hata leo, kile kitufe chenye nembo ya Windows kwenye laptopu yako, ukiingia Linux kinaitwa Super. Jina hilo ni la kibodi ya miaka ya 1970.

Mimi haya mambo sikuyapata darasani. Nilitoka chuo mwaka wa pili, nikabaki na laptopu na bando, na laibrari ya kwanza niliyoishika ilikuwa Tkinter kwa sababu inakuja na Python bure. Ndani yake kuna Tk, ambayo John Ousterhout aliijenga Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1990 juu ya X. Tk ilichukua majina ya keysym jinsi yalivyo na haikuyaacha, hata ilipohamishwa kwenda Windows na Mac. Ndio maana ukitaka kushika kitufe cha Page Up ndani ya Tkinter hauandiki PageUp. Unaandika Prior. Page Down ni Next. Msee wa Kayole yuko kwenye Windows, hajawahi kuona mashine ya X maishani, na bado anaandika Prior. Watu hucheka hilo, mimi naona poa: jina moja, kila mashine. Kinachonitisha ni yule anayeacha jina akachukua event.keycode. Bonyeza a kwenye Windows, Tkinter inakupa 65. Bonyeza a ile ile kwenye Linux, inakupa 38, ambayo ni 30 ya IBM jumlisha 8 za X. Programu inapita kwako, inakufa kwa rafiki yako.

Sasa twende upande wa pili wa mtaa. Windows ilitoka 1985 na orodha yake, namba zinazoanza na VK. Herufi zilichukua namba za ASCII, A ni 65, na hakuna a ndogo, kwa sababu hii ni namba ya kitufe, si ya herufi. Mpaka hapo sawa. Lakini vitufe visivyo na herufi vilihitaji namba pia, na vikapewa namba ambazo ASCII ilikuwa imeshatumia kwa vitu vingine. Mishale ikapewa 37, 38, 39 na 40. Kwenye ASCII 37 ni alama ya asilimia. Delete ikapewa 46, na 46 kwenye ASCII ni nukta. Nukta yenyewe, kitufe chake kikapewa 190. Ndani ya Windows hii haikuwa noma, orodha mbili zilikuwa zimetenganishwa, na mwenye kusoma maelezo hakupotea. (Java, ilipoleta orodha yake mwaka 1997, iliipa nukta 46 na Delete 127. Mtu pale alikumbuka ule utepe.)

Noma ilikuja na wavuti. JavaScript ilipoanza kusikiliza vitufe, namba za Windows zilimwagika ndani ya kivinjari kupitia kitu kinaitwa keyCode, na hapo hakukuwa na mlinzi wa kutenganisha orodha. Tukio moja linakupa namba ya kitufe, tukio lingine linakupa namba ya herufi, na zote ni namba tu. Matokeo yake unayajua hata kama hukujua yanatoka wapi. Nilishakutana na fomu ya malipo, sitaitaja, ambayo ilikuwa inakubali tarakimu na kukataa 250.50. Aliyeiandika aliruhusu 48 hadi 57, ambazo ni sufuri hadi tisa, akaongeza 46 akijua ni nukta. Kumbe aliruhusu Delete. Nukta ilikuwa inabisha hodi kama 190 na inafukuzwa mlangoni. Na usidhani vivinjari vilikubaliana: kitufe cha nukta-mkato kilikuwa 186 kwenye Chrome na 59 kwenye Firefox. Mamilioni ya kurasa ziliandikwa hivyo, na kila msee alikuwa na jedwali lake la namba alilokopi mahali.

Dawa ya wavuti ilikuja polepole. Sasa kuna event.key, inayokupa herufi ama jina kama "Enter", na event.code, inayokupa mahali. Chrome ilipata event.key mwaka 2016. Hesabu mwenyewe: X11 ilikuwa imegawanya swali hilo hilo kwa njia hiyo hiyo mwaka 1987.

Kwa nini unahitaji zote mbili? Chukua mchezo unaotumia W, A, S na D kutembea. Vidole vinakaa hapo kwa sababu ya umbo, W juu, tatu chini. Mpelekee mtu wa Goma ama Bujumbura, ambako kibodi za Kifaransa ni za kawaida. Kwake, mahali pa W pana Z, na mahali pa A pana Q. Mchezo ukisubiri herufi, vidole vyake vitafungwa fundo. Kwa hivyo mchezo ufuate mahali. Haya, sasa chukua Ctrl+Z ya kurudisha ulichoharibu. Hiyo ukifuata mahali, yeye itabidi abonyeze Ctrl+W, ambayo kwa programu nyingi ni kufunga dirisha. Ameharibu sentensi moja, anapoteza barua nzima. Hiyo ifuate herufi. Laibrari ikikupa moja tu kati ya hizo mbili imekulazimisha umuumize mtu.

Na bado wana tabia. Hizo event.code zinaitwa KeyA, KeyQ, KeyZ, ambayo yanaonekana kama majina ya herufi lakini ni mahali, na ni mahali kwenye kibodi ya Marekani. Mfaransa akibonyeza kitufe chake cha A, kivinjari kinaandika KeyQ. Wangeweza kuita mahali kwa mstari na namba, kama viti vya matatu ya Nakuru. Waliamua Marekani ndiyo ramani.

Kuna namba moja ya keyCode ambayo sisi tunaijua kuliko watu wa laptopu: 229. Kwenye Windows iliwekwa kwa ajili ya lugha kama Kijapani na Kichina, ambapo unabonyeza vitufe kadhaa na programu ya katikati inatafuta alama unayotaka. 229 ilimaanisha: subiri, mwenzako bado anafikiria. Sasa Chrome ya Android inatoa 229 kwa karibu kila herufi, kwa sababu kibodi ya simu inabahatisha maneno, inabadilisha, unatelezesha kidole "asante" ikaingia nzima. Hakuna kitufe kilichobonyezwa. Laibrari zinazodhani kila herufi ilitoka kwa kitufe zinakuwa kipofu kwenye simu, na wengi wetu tuko kwenye simu. Ukiona mchezo wa maneno umekataa kuandika kwako na kwenye laptopu uko sawa, anza kushuku 229.

Lakini hata ukiwa kwenye laptopu, andika ng'ombe. Kama kibodi yako imewekwa kuwa ile ya Marekani ya kimataifa, utapata ngómbe. Kile kitufe cha ' hakiandiki kitu kikibonyezwa. Kinasubiri irabu ikuje ili kiiwekee alama. X inakiita dead_acute, kitufe mfu, na event.key inasema "Dead". Kwa Mhispania hiyo ni huduma. Kwa sisi inakula ng'ambo, ng'aa, ng'oa, kila siku, na watu wanadhani laptopu ina virusi. Bonyeza ' halafu nafasi, utaipata. Ama badilisha jedwali.

Na hilo jedwali linatufikisha kwa jina la Ngũgĩ. Watu wengi huandika Ngugi, bila alama, kwa sababu hawazioni kwenye kibodi, na Mkikuyu atakuambia hizo si mapambo, ũ na u ni sauti mbili. Nilidhani hizo herufi ziliingia kompyuta pamoja na Unicode. Halafu nikasoma ile orodha ya keysym. itilde, 0x03b5. utilde, 0x03fd. Ziko pale na majina kabisa, kwenye sehemu ya Latin-4, seti iliyotengenezwa kwa lugha za Ulaya ya Kaskazini na Greenland. Hakuna aliyemfikiria Mkikuyu ama Mkamba. Watu wa barafu walihitaji ĩ na ũ, zikapewa namba, na namba haiulizi unatoka wapi.

Kilichokosekana ni jedwali tu, na jedwali halihitaji kampuni kubwa, linahitaji mtu na faili ya maandishi. Hilo nalo lipo. Linux nyingi zinazotumia X zina mpangilio unaoitwa ke, wa Kiswahili cha Kenya, na ndani yake kuna tawi la Kikuyu. Fungua terminal uandike setxkbmap -layout ke -variant kik, halafu washa xev, ile programu ndogo inayokuonyesha kila kitufe kama X inavyokiona, na uanze kubonyeza. Ukimaliza, setxkbmap us inakurudisha ulikotoka.